Harusi Katika Mahakama ya Zamani

Kadi ya mwaliko ilipomfikia, Msusi alilisoma jina la ukumbi, akalirudia, kisha akampa kadi jirani yake aliyekuwa ameketi akisubiri kusukwa.

"Hapa si ile mahakama?" jirani akauliza.

"Ndiyo hiyo hiyo. Siku hizi wanaiita Ukumbi wa Jamii."

"Basi usiende."

"Ni harusi ya mwanangu."

Jirani akairudisha kadi. Akajitolea kumsindikiza.

Jengo lilikuwa lilelile la serikali ya zamani: nguzo nene, madirisha marefu ya mbao, ngazi za mawe zilizolika katikati. Mahakama ilipohamia kwenye jengo jipya la vioo, halmashauri ilizipaka kuta hizi rangi, ikatundika mapazia. Sasa vikundi vya akina mama vilikutana humo, kwaya zilifanya mazoezi, na mwisho wa wiki watu walioana. Mlangoni palikuwa na kibao cha shaba kilichomtaja mkubwa aliyelifungua jengo. Waliotoka humo mikono kichwani, kibao hakikuwataja.

Ndani, maharusi waliketi jukwaani, pale pale alipokuwa akikaa hakimu. Kizimba cha washtakiwa hakikuvunjwa. Kilizungushiwa maputo, na mpiga muziki alikuwa amejipanga humo na spika zake.

"Huyo amenyimwa dhamana," jirani alinong'ona, ili kumchekesha.

Msusi hakucheka. Alikuwa akilitazama benchi la mbele.

Aliwahi kukaa kwenye benchi hilo, wakati binti yake akiwa na miaka sita. Ndoa ilikuwa imevunjika, na mume, mtu wa safari zisizoisha, alitaka mtoto alelewe na dada yake, mwenye nyumba kubwa na asiyejaliwa kuzaa. Msusi alikuwa na chumba kimoja na kiti cha kusukia. Hakimu alimwita mtoto karibu, akamuuliza kwa upole, "Unataka kukaa na nani?" Mtoto akamnyooshea kidole shangazi yake. Basi, ikawa imetoka hiyo. Msusi aliruhusiwa kumtembelea, lakini kila alipobisha hodi palikuwa na sababu: mtoto ana homa, mtoto amelala, mtoto anajiandaa na mtihani. Hata baba mtu alipofariki, mtoto alikuwa ameshazoea.

"Waheshimiwa!" mshereheshaji alinguruma. "Humu watu walikuwa wanafungwa miaka. Leo tumewafunga hawa wawili maisha!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Na uchungu wa mwana, wahenga walisema, aujuaye mzazi. Mama wa bibi harusi, hebu simama tukuone!"

Shangazi akasimama. Vigelegele vikapigwa. Alikuwa amezeeka vizuri, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Hilo Msusi aliliona hata kwa mbali.

"Nyanyuka," jirani alimfinya. "Nyanyuka na wewe!"

"Niache."

"Haya, jikaze kisabuni basi."

Alijikaza mpaka makofi yalipoisha, kisha akatoka barazani. Hapo ndipo binti alipomkuta, akiwa anakwenda kubadilisha gauni.

"Mama, mbona hukusimama?"

"Kuna aliyesimama."

"Nilimwambia yule bwana awaite wote wawili. Kasahau. Usinifanyie hivyo leo, mama."

"Nimefanya nini? Nimenyamaza."

"Kunyamaza kwako ndiko kunakosema."

Msusi alikuwa ameapa asiulize, lakini ulimi hauna mfupa. "Kumbi zote za mji huu, ukaona huu tu?"

"Ni mzuri. Una nafasi ya magari."

"Kwa hiyo hukumbuki kilichotokea humu."

Binti alikunja pindo la gauni mkononi, akalikunjua. "Nakumbuka. Ulilia tangu nyumbani, ukalia njia nzima, ukanishika mkono mpaka ukaniumiza. Niliogopa. Shangazi alikuwa ametulia. Nikamnyooshea aliyetulia."

Miaka yote Msusi alikuwa amejiambia kwamba mtoto alihongwa peremende na viatu, kwamba alifundishwa la kusema. Kwa maneno hayo alipata usingizi. Hakuwahi kuwaza kuwa yalikuwa machozi yake mwenyewe.

"Nililia kwa sababu walikuwa wananinyang'anya wewe."

"Najua sasa. Wakati ule ningejuaje?"

"Na leo ungeulizwa?"

"Mama, usiniulize hilo." Binti akageuza uso kuelekea mlangoni.

Akawa amejibiwa.

Mara Shangazi akatokea, leso mkononi. "Mwanangu, watu wanakungoja." Kisha, kwa sauti ya mwenyeji, "Wifi, karibu ndani, hujala chochote."

Kulikuwa na maneno ambayo Msusi alikuwa akiyatayarisha kwa ajili ya wifi yake huyu, siku baada ya siku, huku vidole vikisuka vichwa vya watu. Aliyatafuta yote. Hakuna lililokuja.

"Asante, wifi. Nimeshiba."

Alirudi ndani kwa kuwa mkoba wake ulibaki kitini. Wakati wa picha binti alimwita kwa mkono, naye akaenda. Mpiga picha akamsogeza pembeni kabisa, nyuma ya ndugu wa bwana harusi waliomzidi urefu.

Njiani jirani alimtukana Shangazi mpaka pumzi zikamwishia. Mwizi, mchawi, mgumba wa roho.

"Muache," Msusi akasema. "Kamlea vizuri."

Jirani alimtazama kama mtu aliyepandwa na homa.

Siku hizi binti hupiga simu. Huulizana hali, kazi, afya, na mazungumzo huisha kabla hayajapata joto. Alipojifungua mtoto wa kwanza, aliyekwenda kukaa naye ni Shangazi. Msusi alitumiwa picha.