Eti ya Kuuliza na Eti ya Kusikia

Usiku wa kuamkia leo niliota tunamzika mdogo wangu Mcharo, na ndani ya jeneza tumelaza mgomba.

Hilo la mgomba si la ndotoni, ndivyo ukoo ulivyopanga kweli. Mcharo alikwenda machimboni, akanyamaza, kisha Bwana Sifueli, jirani yetu anayepeleka mitumba huko, akaleta habari kwamba shimo limemporomokea. Mwili haukupatikana. Wazee wakasema asiye na mwili huzikwa kwa mgomba, leo Jumamosi, na mimi dada yake, Nakijwa, nitasoma wasifu wa marehemu. Mama hakukubali wala hakukataa. Anampakulia Mcharo chakula kila siku, kinalala mezani mpaka kinachacha.

Basi ndotoni nimesimama mbele ya watu, karatasi mkononi. Nasoma: Mcharo alizaliwa. Watu wanaitikia kwa vichwa. Mcharo alibatizwa. Mcharo alisoma. Mcharo alifariki.

Hapo kitenzi kinagoma. Hicho "alifariki" kinashuka kwenye karatasi, kinavuta kiti cha plastiki, kinakaa na kukunja nne.

"Nani aliona?" kinaniuliza.

"Dada, wewe endelea kusoma," unasema mgomba kutoka jenezani. Umevaa suti ya Mcharo, na tai wameifunga vibaya. "Jua linanikausha."

"Kwani wewe ulimwona akifa?" kitenzi kinauuliza.

"Mimi nilikatwa nyuma ya banda la ng'ombe. Sijaona kitu."

Nikakiambia kitenzi kwamba hapa ni msibani, si darasani. Kikanitazama kwa huruma.

"Wenzangu wa lugha nyingine huzaliwa na mkia," kikasema. "Kuna mkia wa niliona, kuna wa nilisikia, kuna wa nakisia tu. Mtu akifungua mdomo, mkia unamuumbua. Mimi nimezaliwa bila mkia, ndiyo maana kila mtu ananipeleka anakotaka. Leo siendi mahali mpaka nijue nimetoka wapi."

"Nilisikia kwa Bwana Sifueli," nikasema.

"Basi lete sikio."

Sikio langu la kulia likabanduka bila maumivu, likatua kiganjani, la moto. Kitenzi kikalipasua kama ganda la karanga. Ndani alikuwamo Bwana Sifueli, mdogo kabisa, kofia mkononi. "Mimi niliambiwa na Mama Kulwa, mama ntilie wa machimboni," akasema, akatoa na sikio lake bila kuombwa.

Hatupo tena nyumbani. Tuko chini ya ardhi, ndani ya shimo. Waombolezaji wamekaa vilevile kwenye viti vyao na udongo unawadondokea vichwani taratibu. Hakuna anayejipangusa. Nyuma ya ukuta wa udongo mtu anapumua. Pumzi zile nazijua, tulilala kitanda kimoja utotoni. Naogopa, na papo hapo nataka kupiga vigelegele.

"Yu hai!" nasema.

"Kwa sasa," kinasema kitenzi. "Mkinisoma mpaka mwisho, pumzi hiyo inakoma. Tulia tusikilize sikio la pili."

Ndani ya sikio la Sifueli, Mama Kulwa anakoroga maharage.

"Mimi niliambiwa na dada yake," anasema bila kuacha mwiko. "Alinipigia simu amefura, mdogo wake hampokelei simu. Akasema, 'Eti huyo Mcharo amekufa?' Na mimi nikamwambia Sifueli, eti huyo Mcharo amekufa."

Maneno ni yaleyale. Kwangu eti ilikuwa ya kuuliza. Kwa Sifueli ikawa eti ya kusikia, akaiongezea na shimo. Ilipofika kwa wazee haikuwapo kabisa, ilishadondoka njiani, wakapokea kifo kitupu.

"Jamani, nilikuwa nagomba tu!" nasema. "Dada asigombe?"

"Ukagomba, nikakatwa mgomba," unasema mgomba.

Nakiomba kitenzi kirudi kilikotoka, habari ifutwe. Kinatikisa kichwa.

"Nimeshatamkwa, nimeshaandikwa, na jeneza limeshanunuliwa. Hii a- yangu ya mwanzo ni kiti. Lazima akae mtu. Mcharo akitoka, nipe mwingine."

Ukuta ukaanza kuporomoka. Pumzi zikawa fupi, kisha nikazisikia zikikatika. Nampenda Mcharo, hata ninapomgombeza nampenda.

"Nikae mimi," nikasema.

"Nikutamke kwa kuona au kwa kusikia?"

"Kwa eti tu," nikajibu, nikijiona mjanja.

Kitenzi kikanipisha kwenye kiti. Kilikuwa cha baridi sana.

Nikaamka kumekucha. Nilipapasa sikio, lipo. Nje vijana wa ukoo walikuwa wanachimba kaburi na kubishana kuhusu mpira. Nikatoka chumbani, nikamkuta Mama sebuleni, simu yake inaita. Namba ilikuwa ngeni. Mama huweka spika siku zote, masikio yake yamechoka.

"Shikamoo, Mama. Ni mimi, Mcharo," ikasema sauti iliyokuwa inakwaruza. "Simu yangu iliibwa, hii nimeazima."

"Baba yangu!" Mama akasema, akashika ukuta. "Baba yangu, ni wewe?"

Mimi nikawa nalia kwa sauti, sioni haya.

"Ni mimi, Mama. Ila usinifiche. Huku machimboni nimesikia asubuhi hii. Eti dada Nakijwa amekufa?"

Mama akageuka. Akanitazama pale nilipokuwa nimesimama, kisha akachukua sahani ya Mcharo pale mezani, akaanza kunipakulia mimi.