Gunia la Kupimiwa

Mgongo ulinisaliti saa nne asubuhi, mbele za watu, chini ya gunia la unga kama yale niliyoyabeba kwa miaka kumi na mmoja. Nilisikia kitu kikichanika kiunoni, nikaketi chini taratibu kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Wenzangu walicheka. Walidhani natania, maana mimi ndiye waliyeniita Winchi, ile mashine ya kuinulia mizigo, na tangu lini winchi ikachoka?

Hospitali walisema ni pingili mbili za chini, na kitu laini kilicho kati yake kimetoka mahali pake. Wiki tatu mke wangu alinivalisha soksi. Ndoo za maji alizipandisha mwenyewe hadi ghorofa ya pili, nami nimelala chali kusikiliza pumzi zake. Sijawahi kuona aibu kama ile. Jirani alikuja kunipa pole akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamjibu kwamba aliyesema hivyo hakuwa koleo. Mke wangu akanikata jicho.

Kiwandani kwetu kuna sharti. Mpakiaji akirudi kutoka likizo ya ugonjwa hupimwa: gunia moja la kilo hamsini, kutoka sakafuni hadi begani, mbele ya msimamizi. Akishindwa, nafasi yake anapewa mwingine. Nilipewa miezi minne. Shule niliishia darasa la tano, na kazi nyingine siijui.

Mtaalamu wa mazoezi niliyepewa hospitali alikuwa binti mwembamba, zamani ningembeba kwa mkono mmoja. Siku ya kwanza alinipa mpini wa ufagio.

"Huu nifagie nini?" nikamuuliza.

"Uweke mgongoni, baba. Uguse kichwa, mabega na makalio. Sasa inama kwa nyonga, mpini usibanduke."

Nilidhani ananidhihaki. Mwezi mzima Winchi nikawa nainama na mpini. Kisha ndoo ya lita tano, nayo si kutoka chini bali kutoka juu ya meza. Meza ikawa kiti, kiti kikawa kigoda. Uzito uliongezwa ikiwa tu asubuhi ya pili maumivu hayakuzidi ya jana. Mara mbili nilifanya ujeuri nikaongeza mwenyewe, na mara mbili nikarudishwa mezani. Kabla ya kila mzigo alinifundisha kuutazama, kuvuta pumzi na kukaza tumbo kwa kadiri ya uzito ule. "Mwili ujue unakwenda kukutana na nani," alisema.

Katikati ya mwezi wa tatu, Pacha akaja kunitazama. Sisi wapakiaji hufanya kazi wawili wawili, mwenzako ndiye pacha wako, na yule ndiye niliyeshikana naye tangu mwanzo. Alinikuta nainua ndoo ya lita kumi kutoka kwenye kiti, jasho linanitoka, mke wangu akihesabu. Alitazama ile ndoo, akatazama ukuta, akaaga mapema.

Ingekuwa busara kumwambia kwamba mambo yanakwenda. Nilinyamaza, kwa kiburi. Nilitaka siku ya kupimwa waone wenyewe wanyamaze.

Na kweli yalikwenda. Alhamisi ya mwisho, katika chumba cha mazoezi cha yule binti, niliinua kilo hamsini kutoka sakafuni. Mara tatu. Mara ya tatu nilicheka nikiwa nazo mikononi, naye akapiga makofi mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akachungulia. Mke wangu nilipomwambia alikaa kitandani akalia.

"Usimwambie mtu," nikamwomba. "Nataka kuziona nyuso zao."

Jumatatu wapakiaji wote walikuwa ghalani. Gunia la kupimia huandaliwa na kundi lenyewe, ndiyo desturi yetu. Lilisimama limejaa, limeshonwa vizuri kwa uzi uleule wa magunia ya unga. Niliona Pacha ananikwepa macho, nikadhani ni woga. Msimamizi aliitikia kwa kichwa kuniruhusu.

Nililitazama. Nikavuta pumzi. Nikakaza tumbo, nikainama kwa nyonga kama nilivyofundishwa, nikavuta kwa nguvu zote za kilo hamsini.

Gunia liliruka. Halikuwa na uzito hata nusu. Mikono ilipaa, kifua kikaenda nyuma, na kiuno, kilichokuwa kimejiandaa kukutana na mwingine, kikajipinda hewani. Sikusikia kitu kikichanika safari hii. Nilisikia ganzi tu ikishuka mguu wa kushoto kama maji ya moto, kisha nikawa nimelala sakafuni. Gunia lilipasuka ubavuni mwangu, na kilichomwagika hakikuwa unga. Kilikuwa pumba.

Msimamizi aliinama, akachota kidogo, akapuliza kiganja. Hakuuliza nani. Alisema nafasi itajazwa, akaenda zake.

Daktari ameniambia mguu huenda ukarudi, huenda usirudi. Kuhusu magunia hakusema huenda. Yule binti alikuja kunitazama, akanipa mazoezi ya kunyanyua vidole vya mguu. Vidole! Vya kulia vinanyanyuka. Vya kushoto naviamrisha, havinisikii. Kuna asubuhi natamani nisingeamka, nasema hivi bila kupamba.

Jana Pacha alikuja. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, ile mikubwa iliyoshona lile gunia.

"Kaka, niliiona ile ndoo," alisema. "Nikajua huwezi. Nikawaambia wenzetu, mtu wetu hatutamwacha aaibike." Akanigeukia. "Niambie kweli. Lingekuwa la unga, ungeliinua?"

Nilimchukia kiasi cha kutaka kumtemea mate. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lingemkaa maisha yake yote. Ana watoto wanne, na kesho yake alfajiri anarudi palepale chini ya mizigo, na pacha mwingine.

"Nisingeweza, kaka," nikasema. "Hata la nusu nilikuwa sijafika."

Alishusha pumzi ndefu, akanishika mkono. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na shuka safi. Akaliweka kitini, akatoka nje.