Ncha ya Pili ya Mtande

Ulipita pale, na usikatae. Dirisha la kile chumba cha chini linatazamana na njia ya sokoni, na sokoni unakwenda. Ulimwona mwanamke mtu mzima amesimama katikati ya chumba, ameshika fungu la nyuzi kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi ambaye hayupo, akitazama huku na huku. Ukageuza uso. Ukajifanya unatafuta kitu mfukoni. Wenzako nao walifanya hivyo hivyo, na mlipofika kwenye kona mifuko yenu yote ikapata nafuu. Basi kwa kuwa hukutaka kutazama, utasikiliza.

Yule ni Mama Mfumi. Kiwanda cha nguo kilipofungwa, miaka hiyo ambayo wengi mnapenda kusema hamkuwepo, wanawake wa pale waliambiwa wasilie, watapewa chumba wafundishe kazi yao. Mheshimiwa mmoja alipanda juu ya kiti akasema, chumba hiki ni chenu hadi mwisho wa dunia. Mheshimiwa keshasahau. Kiti hakijasahau, maana kilivunjika siku ile ile. Wanawake wakapungua, mmoja akamfuata mwanawe, mwingine akafuata mgongo uliomlaza kitandani, hadi wakabaki wawili: Mama Mfumi na wifi yake, dada wa marehemu mume wake. Kila Jumamosi wakafungua mlango, wakafundisha yeyote aliyekuja: namna ya kuchambua pamba, kuivuta na kuisokota hadi iwe uzi, kufuma.

Sasa sikiliza jambo moja la kazi hii, maana bila hilo hutaelewa chochote. Kabla hujafuma, sharti utande. Zile nyuzi ndefu za kwenda mbele, ambazo ndizo mtande, zinapimwa kwanza kwenye vigingi vya ukutani, zote urefu mmoja, kisha zinaviringishwa kwenye mti wa nyuma wa kitanda cha kufumia. Mtu mmoja anazungusha ule mti. Mwingine anasimama mbali kabisa, ameshika ncha ya pili, amezikaza, na anasogea pole pole kadiri uzi unavyoliwa. Akilegeza, zinakunjamana. Akivuta upande mmoja, nguo nzima itakwenda upogo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mikono miwili ya mtu mmoja haitandi nguo.

Ncha ya pili ilikuwa ya wifi. Alikuwa mwembamba lakini akishika ameshika, na mdomo wake haukuwa na likizo.

"Vuta taratibu," angesema. "Hilo si sikio la kaka yangu."

"Kaka yako alikuwa na masikio? Nilikuwa namwita mara saba, hasikii."

"Alisikia. Alikuwa anangoja uchoke."

Hivyo ndivyo walivyotanda, mwaka baada ya mwaka, wanasogeleana huku wakitukanana, hadi wifi anafika kwenye kitanda na vipaji vya nyuso vinakaribia kugongana. Hapo ndipo kazi ilipokwisha, na wifi angesema, "Haya, mke wa kaka, niondokee, unanuka pamba."

Wifi alikufa mvua zilipoanza. Msibani watu walijaa, wewe pia labda ulikuwepo, na kila aliyempa mkono Mama Mfumi alimwambia, "Hatutakuacha peke yako." Viti viliporudishwa vilikotoka, maneno nayo yalirudishwa.

Kwenye kitanda cha kufumia ulibaki mtande wa mwisho, ule waliouviringisha wawili. Mama Mfumi aliendelea na mafunzo. Jumamosi vijana walikuja, wakakaa kwa zamu, wakapitisha uzi kushoto na kulia, wakapigana picha. Walifurahi na hawakuwa na ubaya. Lakini yeye, akiwa amesimama nyuma yao, hakutazama nguo iliyokuwa ikiongezeka mbele. Alitazama lile bonge la nyuzi kwenye mti wa nyuma linavyokonda. Kila zamu ya mgeni ilikuwa inakula kipande alichokaza wifi kwa mikono yake. Mara nyingine alimwambia mtu, "Pumzika kidogo, mwanangu," na mtu alidhani anaonewa huruma.

Likaisha. Dada mmoja mchangamfu wa saluni ndiye aliyefika mwisho wake. Akageuka akiwa anacheka.

"Mama, imekwama."

"Haijakwama. Imeisha."

"Basi ukishaweka nyingine utuambie, tuje."

"Njooni Jumatano tuiweke pamoja. Kutanda ndiyo kazi yenyewe, huku kupitisha uzi ni kula tu."

"Jumatano tuko kazini, mama. Sisi tuite wakati wa kula."

Wakacheka wote, naye akacheka. Jumatano alifagia chumba, akapima nyuzi kwenye vigingi, akaweka viti. Hakuja hata yule anayekuja kuuliza choo kiko wapi.

Alhamisi iliyofuata alikuja msimamizi wa jengo, yule anayetembea na funguo nyingi ili zimtangulie.

"Shikamoo, Mama Mfumi. Kamati imesema chumba kisichotumika kitawekwa viti vya plastiki."

"Marahaba. Kamati ni nani?"

"Kamati ni kamati."

"Ina mikono?"

"Mama, usiniingize kwenye matatizo. Mimi natumwa. Watapita Jumamosi ijayo. Wakikuta watu wanafuma, chumba ni chako. Wakikuta mbao tupu, basi. Kitanda utakitafutia pa kukiweka."

Pa kukiweka. Nyumbani kwake chumba chake kinatoshea godoro na pumzi. Alijua, kama unavyojua wewe, kwamba kitanda cha kufumia kikishatolewa mlangoni kinakuwa kuni.

Akaenda kugonga chumba cha pili, kwa fundi cherehani.

"Mwanangu, nishikie nyuzi. Kusimama tu. Mchana mmoja."

"Mama, unaona sare hizi? Shule zimefungua. Kesho nakuja, wallahi."

Kesho akaenda tena. Fundi akiwa na pini mdomoni akanyoosha kidole, kesho. Siku ya tatu Mama Mfumi akamwambia, "Hiyo kesho yako imeshaota ndevu, inyoe," na fundi akacheka hadi pini zikamdondoka. Alikuwa anampenda, hilo ulijue. Alimpenda na hakwenda.

Akampigia binti yake. Huyo ni kitinda mimba wake, anayekaa ng'ambo ya mji, mwenye watoto na duka la watu la kulinda. Utotoni yeye pia aliwahi kushikishwa ncha ya pili, wifi alipougua, na aliichukia kazi ile. Wenzake wakicheza nje, yeye amesimama kama nguzo ya umeme. Alipoolewa aliapa mbele ya mashangazi kwamba hatashika uzi tena isipokuwa wa kushonea kifungo.

"Mama, niko barabarani. Kuna nini?"

Nje ya dirisha watu walikuwa wanapita kwenda sokoni. Alikuwa na maneno yote mdomoni.

"Hakuna kitu," akasema. "Nilitaka kusikia kama mmeamka."

"Tumeamka, mama. Ni saa sita mchana."

"Haya."

Zikabaki siku mbili. Akaamua kutanda peke yake.

Kwanza alifunga ncha ya pili kwenye nondo za dirisha. Dirisha lilikuwa pembeni, nyuzi zikaja kimshazari, upande mmoja ukalegea. Akafunga kwenye meza. Meza ikamfuata kama mtoto. Akasimama, akatazama, akauona mlango. Mlango ulikuwa umenyooka na kitanda cha kufumia, na ulikuwa na kitasa cha chuma cha zamani, kigumu kuliko ahadi zenu. Alifikiri kidogo. Siku zisizo za mafunzo, tangu matanga yavunjwe, mlango ule hakuufungua mtu ila yeye. Msimamizi husemea dirishani. Fundi hupiga ukuta. Akafunga nyuzi kwenye kitasa, fundo la wifi, lile la mizunguko miwili na kitanzi.

Ikakubali. Alizungusha mti kidogo, akaweka karatasi nzito katikati ili tabaka zisizame, akatembea hadi mlangoni, akachana nyuzi kwa vidole, akafungua, akafupisha, akafunga tena, akarudi. Kwenda na kurudi, jasho likimtoka. Ilikuwa kazi ya mtu mwendawazimu lakini ilikwenda. Alipofika nusu akajikuta anaongea.

"Vuta taratibu."

Akangoja. Kisha akamalizia mwenyewe, kwa sauti nyembamba ya wifi, "Hilo si sikio la kaka yangu." Akacheka. Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko chumba, akakikata.

Jambo moja lilimpita. Kuna vijiti viwili ambavyo nyuzi hupishana juu na chini yake, na kupishana huko ndiko kunakoambia kila uzi zamu yake. Vijiti hivyo hufungwa kamba pande zote mbili visichomoke. Maisha yake yote hakuwahi kuvifunga. Ilikuwa kazi ya upande wa wifi, na mikono yake haikujua kwamba kazi ile sasa imehamia kwake. Vijiti vilikaa kwa sababu nyuzi zimekazwa tu.

Mlango ukafunguka.

Binti yake alikuwa amebeba mfuko wa sabuni na sukari, ameusukuma mlango kwa bega kama mtu anayeingia kwao. Nyuzi zote zikalegea kwa mara moja, zikashuka kama kuku aliyekatwa shingo. Vijiti vikachomoka, kimoja kikadondoka sakafuni, kikaviringika, kikasimama kwenye kiatu cha binti. Mama Mfumi alibaki na mkono kwenye mti, umekaza kitu ambacho hakikuwepo tena.

Binti alitazama chini. Hakuhitaji kuambiwa. Miguu yake iliganda pale pale, maana alifundishwa tangu mdogo kwamba nyuzi zikianguka usizikanyage.

"Mama. Kwa nini ulifunga mlangoni?"

"Mlango huo haufunguliwi."

"Haufunguliwi vipi?"

"Haufunguliwi tu."

Binti akaweka mfuko chini, taratibu sana, kama una mayai. "Uliponiambia hakuna kitu," akasema, "sikulala. Nikasema nipite."

"Umefanya vizuri kupita."

"Nimekuharibia."

"Umepita. Kaa."

Hakukaa. Alivua viatu, akapiga magoti, akaokota vijiti, akaanza kuzitafuta nyuzi moja moja, huu juu, huu chini, na mama yake upande wa pili. Vidole vyake vilikumbuka alichokuwa ameapa kukisahau. Mara moja nywele zao ziligusana, na Mama Mfumi akafumba macho kidogo, akayafumbua, akaendelea. Walikuwa wamepata upana wa kiganja pikipiki ilipopiga honi nje. Ikapiga tena.

"Ananisubiri huyo. Watoto wanatoka shule, hakuna mtu nyumbani." Binti alikuwa bado amepiga magoti. "Nitakuja Jumapili. Tutakaa siku nzima."

"Kamati wanakuja Jumamosi."

"Kamati gani?"

Akamweleza, kwa maneno machache. Binti alisikiliza, uso ukimshuka.

"Mama, hukuniambia."

"Ulikuwa barabarani."

Honi ikapiga mara ya tatu. Binti akavaa kiatu kimoja, akasimama na kingine mkononi. "Kesho dukani niko peke yangu, siwezi kufunga, watanifukuza. Sikiliza. Zikishapangika, funga tena mlangoni, ufunge na vijiti, umalizie."

"Mlangoni hapana."

"Sasa kwa nini?"

"Huenda ukarudi," akasema mama yake.

Binti alimkumbatia kwa nguvu akiwa na kiatu mkononi, akatoka, na mlio wa pikipiki ukapungua, ukapungua, hadi ukachanganyika na milio mingine.

Usiku ule Mama Mfumi hakulala pale wala hakuvunja kazi. Alifunga vijiti kwa kamba, pande zote mbili, akaenda kwake. Leo ni Ijumaa. Amefungua tangu asubuhi. Nyuzi zimekwisha kupangika zote, alizimaliza mwenyewe, na sasa amesimama katikati ya chumba ameshika ncha ya pili, na ncha ya kwanza iko kule kwenye mti, na hakuna wa kuzungusha. Akisogea kuzungusha, hakuna wa kushika. Kila mlango wa nje ukigongwa anageuza kichwa. Fundi anasikika ukutani, cherehani inakimbia. Msimamizi ameshapanga viti vya plastiki kwenye korido, vimepandana hadi karibu na dari, tayari kuingia.

Hakuna anayekuomba ujue kufuma. Hakuna anayekuomba hotuba, na kiti cha kupanda ukatoe ahadi hakipo. Una mikono. Unaweza kusimama mahali pamoja mchana mmoja. Umesimama zaidi ya hapo ukingoja mpira uishe kwenye televisheni ya jirani. Usiseme utamtuma mtu. Usiseme Jumapili. Weka chini unachosoma, toka hapo, pita njia ya sokoni, na safari hii usitafute kitu mfukoni. Piga hodi, ingia, usimwambie pole, pole anazo za kutosha. Muulize ushike wapi, ushike, na usiachie hadi kazi iishe. Nenda sasa hivi, kabla jua halijatua.