Gauni la Namsifu

Wewe unayenisikiliza, umewahi kusimama mlangoni kwa watu, ukatazamwa kuanzia unyayo hadi utosi, na kabla hujafungua mdomo ukawa umeshahukumiwa? Kama bado, mshukuru Mungu, kisha umsikilize Nakijwa.

Nakijwa ndiye aliyemlea Eliwaza, mtoto wa marehemu dada yake Namsifu, na siku ya harusi ya Eliwaza alivaa gauni la dada huyo. Gauni la kijani, mabega yamejazwa sponji, vifungo vimevikwa kitambaa kilekile, kola ya lesi iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Namsifu alilishona kwa mkono wake, na siku anaaga dunia alimwambia, Mdogo wangu, mtoto akiolewa ulivae wewe, uniingize na mimi. Likakaa sandukuni miaka yote hiyo, likinuka vidonge vya kufukuzia mende. Sasa siku yenyewe zipu ikagoma. Ndugu wakatangulia, Nakijwa akabaki nyuma akiipaka sabuni, na alipofika ukumbini alikuta mlango umeshikwa na wanawake watatu wa upande wa bwana harusi, wote wamevaa sare, lesi ya zambarau, na hakumjua hata mmoja wao. Mwenye kilemba cha dhahabu akampima kwa macho, akasema, Hee, huyu naye kavua pazia la gesti kaja nalo! Mwembamba akadakia, Na mabega hayo, shoga, si anakwenda gwaride? Wa tatu akachekea ndani ya leso. Mama, asiye na sare ni mpishi, akamaliza Kilemba, na wapishi ni huko nyuma. Neno lilimpanda Nakijwa likafika kooni, likakwama hapo. Mlango wa ukweni haugombewi, alijiambia, nisije nikamharibia mtoto siku yake. Akazunguka nyuma, akakalia kreti la soda kando ya masufuria, akaegemeza kichwa ukutani. Mvuke wa pilau ukamjaa usoni, muziki wa ndani ukaenda mbali, mbali zaidi, macho yakajifumba.

Na ukuta unaachia. Si ukuta tena, ni pazia, analisukuma kwa bega la sponji na kuvuka, na huko ng'ambo njia yenyewe ni jora la kitambaa linalojikunjua mbele ya miguu yake, kila akikanyaga linajikunjua, kila likijikunjua linabadilika, mara kaniki, mara satini, mara kaki ya shule, na kushoto na kulia ni nyumba za vioo, mji mzima wa vioo, na ndani ya vioo hamna watu, mna nguo tupu zinazotembea zenyewe, zinasalimiana, zinapeana mikono isiyo na viganja. Anajitafuta kiooni. Sura yake haipo. Lipo gauni la kijani limesimama wima, limejaa, kama limevaliwa na mtu mwenye kifua kipana kuliko chake. Kwenye kona anangojwa na fundi mrefu, futi kamba shingoni, uso mtupu na laini kama kitako cha sinia. Kitendawili, anasema fundi, ingawa mdomo hana. Tega, anajibu Nakijwa, maana adabu ni adabu hata mahali kama hapa. Nimemshonea jirani, nimevaa mwenyewe. Nakijwa anawaza, anawazua, anasema, Nimeshindwa, nakupa mji. Mji nimeupokea, anasema fundi, na ndio huu, tembea ndani yake ulione jibu. Wanatembea. Anapita bwana mzima kavaa gunia, maandishi ya kiwanda cha unga bado yapo kifuani, anajikuna. Anapita binti kajifunga tambara la kupigia deki, linamdondokea maji machafu kwenye vidole. Anapita mwingine kavaa chandarua kilichotoboka, anajisitiri kwa viganja viwili na havitoshi. Nakijwa anaanza kutabasamu polepole. Ni maneno, anasema, huku mtu anavaa aliyoyasema juu ya mwenziwe! Fundi anamkabidhi mkasi, anamkalisha kwenye kiti cha mlinzi, penye mlango mmoja tu, na nyuma ya mlango kunanukia pilau, na watu wa mji wote wana njaa.

Haya. Nani anakuja kwanza? Anakuja Kilemba, kavaa pazia la gesti, la maua makubwa yaliyopauka, pete zake za chuma bado zimening'inia shingoni, zinalia cheng'e, cheng'e kila akipiga hatua. Nyuma yake Mwembamba, mabega yamemtoka huku na huku mapana kama ubao wa darasani, anajaribu kupita kiupande, hapiti, kinyumenyume, hapiti. Na yule wa kucheka, gauni lake ndilo linalocheka, akisogea linacheka, akitulia linaguna, na yeye machozi yanamtiririka. Nakijwa hana haraka. Anawatazama kuanzia unyayo hadi utosi, kisha anateremka tena kutoka utosi hadi unyayo, taratibu, kama mtu anayechambua mchele, na utamu wake, jamani, unampanda mpaka kwenye meno. Sare zenu ziko wapi? anauliza. Mama, sisi ni wa ndani, anasema Kilemba, mimi ni shangazi wa bwana harusi. Asiye na sare ni mpishi, anasema Nakijwa, na wapishi ni huko nyuma. Mama, nisitiri! Nakijwa anauona uzi mmoja unaning'inia kwenye pindo la pazia. Anauvuta. Pindo linafumuka. Anauvuta tena, anauzungusha kidoleni, anazungusha na kuzungusha, maua yanafumuka, pete zinadondoka moja moja, na Kilemba anachutama akijikumbatia, na Nakijwa anavuta tu. Halafu anataka kumwambia lile neno, lile lenyewe lililokwama, anafungua mdomo na hakitoki kitu ila uzi, uzi mrefu mkavu. Fundi anainama sikioni kwake. Kitendawili. Nakijwa anatikisa kichwa, hawezi kusema tega. Umemvua mwenzio, anasema fundi, sasa wewe umevaa nini? Anajitazama. Amebaki na shimizi. Na kule ndani ya kioo gauni la kijani limegeuka, linaondoka zake bila yeye, linafuata jora linalojikunja, mabega wima, mwendo ni ule wa Namsifu, wa kutupa mguu wa kushoto kidogo. Dada, ningoje! Sauti haitoki. Anaacha kiti, anaacha mkasi, anakimbia, jora linamteleza, anajitosa ndani ya kioo kwa bega,

na bega linagonga ukuta. Kreti la soda liko chini yake. Gauni lipo mwilini, joto, kijani, zipu imekaza. Ndani mshereheshaji anaita kwa kipaza sauti, Tunamwomba mama wa bibi harusi ajongee mbele, tunaita mara ya mwisho, kama hayupo basi shangazi wa bwana harusi atashika nafasi yake. Mlango wa nyuma unafunguliwa kwa kishindo. Ni Kilemba, kashikilia sketi yake ya zambarau kwa mikono miwili, anahema. Mama, we mama, huna pini hapo? Nguo imenifumuka ghafla, pindo lote, na naitwa mbele, nisitiri mwenzio! Nakijwa anatazama. Uzi wa zambarau umetoka kwenye pindo la mwanamke yule, umekatiza sakafu kati ya masufuria, umepanda kwenye kreti, na ncha yake imezungushwa kwenye kidole chake yeye, mizunguko mingi, imekaza mpaka ukucha umekuwa mweupe. Hajui yuko upande gani wa pazia, na wala hajisumbui kujua. Anasimama. Anauvuta mara moja, kidogo tu, na Kilemba anapiga ukelele akiangalia miguu yake.

Pini sina, anasema Nakijwa, na sauti inatoka nzima. Hili ulilolitukana ni gauni la Namsifu, mama yake Eliwaza, na mimi ndiye niliyeachiwa mtoto na gauni. Toka mlangoni tupite, mimi na dada yangu.