Uharibifu Usioelezeka

Doa lilianza kama tone la wino kwenye kona ya chini ya kioo cha simu, Jumatatu asubuhi, Mwalimu akiwa anaita majina ya darasa la sita. Kufika mapumziko lilikuwa limekua sawa na kifungo cha shati. Alhamisi lilikuwa limemeza nusu ya kioo, zambarau tupu, na kila aliyepiga simu alionekana herufi mbili za kwanza za jina lake, basi. Mwalimu akawa anapokea kwa kubahatisha. "Haloo, nani mwenzangu?" Akawauliza hivyo mkuu wa shule, dada yake, na hata mume wake wa miaka ishirini na miwili, ambaye alinuna mpaka jioni.

Simu haikuwa imeanguka. Hilo Mwalimu alikuwa tayari kuliapia mbele ya yeyote. Ilikuwa na miezi saba tu tangu inunuliwe, waranti yake ni ya mwaka mzima, na karatasi zake zote zilikaa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya faili, faili ndani ya kabati lenye ufunguo. Akaipeleka kwenye kituo cha huduma cha kampuni, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Akachukua namba, akangoja zamu yake, akamkabidhi simu binti wa mapokezi, akaambiwa arudi baada ya siku tano.

Siku ya tano alirudishiwa simu vilevile ilivyokuwa, ndani ya kifuko cha nailoni, pamoja na barua fupi.

"Mteja mpendwa," ilisema barua. "Baada ya uchunguzi wa kina, kifaa chako kimeonekana kuwa na uharibifu usioelezeka uliotokana na matumizi mabaya ya mteja. Kwa hiyo waranti haitahusika. Tunathamini ushirikiano wako."

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa. Mara ya tatu akacheka, kicheko kile ambacho darasa la sita wakikisikia hufunga midomo na kunyoosha migongo.

"Binti yangu, nani kaandika hii?"

"Afisa malalamiko, mama. Lakini leo haonani na watu."

"Wala sina haja ya kuonana naye. Nataka kumsahihishia tu."

Akavuta kiti cha plastiki, akaegemeza barua kwenye mkoba, akatoa kalamu nyekundu. Pembeni ya "mpendwa" aliandika: *Mapenzi yenyewe yako wapi?* Chini ya "uchunguzi wa kina": *Upi? Nani aliufanya? Alitumia nini?* Alipofika kwenye "usioelezeka" alipiga mistari miwili, wa pili ukakaribia kuchana karatasi. *Kama hauelezeki, umejuaje kuwa umetokana na mteja? Na kama umejua, mbona huuelezi?* Mwisho akaweka alama nne juu ya ishirini, ndani ya duara. Hizo nne zilikuwa za tahajia, ambayo kusema kweli haikuwa na kasoro. Akaandika: *Rudia. Nitapita Jumatano.*

Binti wa mapokezi alipokea karatasi ile kwa mikono miwili, akiwa ameuma mdomo wa chini ili asicheke mbele ya wateja.

Yeye ndiye aliyemsimulia Mwalimu, baadaye walipozoeana, mambo yalivyokwenda kule ndani. Afisa alikuwa mtu wa tai, wa kufunga kifungo cha juu kabisa hata siku za joto. Barua ile ile alikuwa ameshawapa watu wengi mno. Walimfokea, walimlaani, mmoja aliwahi kumrushia chaja, na yote hayo aliyamudu. Lakini hakuna aliyewahi kumpa alama. Alikaa na ile karatasi asubuhi nzima, akaikunja, akaenda nayo nyumbani. Kesho yake aliingia kazini na barua mpya, ukurasa mzima, iliyoandikwa kwa mkono.

Jumatano Mwalimu aliipokea na kuketi kwenye kiti kile kile. Safari hii afisa alikuwa amejikakamua. Hakukuwa na mpendwa tena. Aliandika kwamba kioo "kimepata mgandamizo, yaani kitu chenye uzito kimekikalia," na kwamba mgandamizo wa namna hiyo "hauwezi kutokea wenyewe simu ikiwa imetulia." Mwalimu akatikisa kichwa, akampa tisa. *Afadhali. Sasa una hoja. Ushahidi bado. Nitapita Jumatatu.*

Aliondoka na furaha yake, lakini kwenye ngazi lile neno mgandamizo likamganda. Kitu kizito kimekikalia. Hadi anafika nyumbani alikuwa hana furaha tena, ana maswali.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana aliwakalisha sebuleni watu wawili anaoishi nao. Mume wake alikuwa fundi bomba, pande la mtu, anayepandisha tenki la maji juu ya paa peke yake, ila ukimuuliza swali taratibu jasho linamtoka. Mama mkwe naye alikuwa kikongwe mwepesi wa ulimi ambaye mchana, Mwalimu akiisahau simu nyumbani, huitumia kusikilizia mchezo wa redio.

"Naomba kuuliza," alisema Mwalimu. "Nani ameigandamiza simu yangu?"

"Mimi sikuigandamiza," alijibu mama mkwe bila kupepesa. "Mimi niliiweka kwenye friji."

"Kwenye friji, mama?"

"Ilikuwa inachemka! Mchezo umefika patamu, mwanamke kamkuta mumewe kwa jirani, simu imekuwa pasi. Nikaiweka karibu na maziwa ipumue kidogo. Maziwa yenyewe hayakulalamika, nyie mnalalamika."

Mume akaangua kicheko, akapiga paja, akafuta machozi. Alicheka kupita kiasi. Mwalimu alikuwa amesimamia mitihani kwa miaka mingi, na kicheko cha mtu anayeshukuru kwamba ameitwa mwingine alikijua vizuri. Akamgeukia.

"Na wewe?"

Kicheko kikakatika kama maji yaliyofungwa koki.

"Mimi... unakumbuka ile soli ya kiatu changu iliachia?"

"Nakumbuka."

"Nikapaka gundi. Sasa gundi ile inataka kitu bapa, kikae juu yake, kiibane."

"Ukaweka simu yangu."

"Ndiyo."

"Simu yangu, juu ya kiatu chako."

"Halafu juu ya simu," alimalizia mume kwa sauti ndogo, "kisanduku cha spana."

Ilikuwa wiki mbili tu kabla ya doa. Mwalimu alijiona vile alivyokaa pale kituoni akimchorea mwenzake mistari miwili miwili, kumbe huenda mwenzake alikuwa na haki yake.

"Sikiliza," mume alimnong'oneza, ingawa aliyekuwepo ni mama yake tu. "Wenyewe wameandika hauelezeki. Basi tusiwaelezee."

Lilikuwa wazo zuri. Tena lilitoka moja kwa moja kwenye maneno yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Aliliweka, akaligeuza, akaliacha. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia watoto wa watu wasimame waseme waliyoyafanya. Leo avunge kwa sababu ya kiatu? Lakini kuikubali barua kimya kimya, hapana. Hilo nalo halikumwingia akilini.

Jumatatu hakuwa na kipindi mpaka saa nane mchana. "Vaa," alimwambia mume wake.

"Tunakwenda wapi?"

"Ukaeleze."

Mume alimfuata kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Walipopanda ghorofani afisa alikuwa akimngoja Mwalimu, barua ya tatu mkononi, kurasa mbili, amezibana kwa pini. Wateja kumi hivi walikaa kwenye benchi. Nyuma ya kioo kikubwa fundi wa simu, mwanamke mfupi mwenye lenzi kwenye paji la uso, alikuwa ameinamia kazi zake.

"Kabla sijasoma," alisema Mwalimu, "mume wangu ana neno."

Mume akasema neno lake lote, kuanzia soli hadi spana, akiitazama sakafu. Alipomaliza, Mwalimu akaongeza habari ya friji, kwa kuwa nusu ya ukweli isingempa raha. Kwenye benchi mtu mmoja alikohoa kikohozi cha uongo.

Uso wa afisa ulichanua. "Basi! Mmejieleza wenyewe. Mimi sina la kuongeza."

"Sisi tumeeleza," alisema Mwalimu. "Sasa na wewe eleza. Kisanduku kilikaa juu ya simu nzima, doa limeanzia kona moja. Kwa nini kona ile? Ndani mlikuta nini?"

Afisa akageukia kioo, akagonga kwa kidole. "Fundi! Ndani ulikuta nini?"

"Ndani ya nini?"

"Ya simu ya Mwalimu."

"Ile? Sikuifungua," alijibu fundi bila kuinua kichwa. "Si mlisema ikiwa na doa na haina ufa niandike usioelezeka?"

Muhuri wa binti wa mapokezi uliishia hewani. Benchi zima liliinua vichwa. Afisa alisimama hapo, kurasa zake mbili mkononi, joto likimpanda kutoka kwenye kola. Angeweza kufoka, angeweza kuingia ofisini na kufunga mlango. Badala yake alilegeza tai. Ilikuwa mara ya kwanza, alisema binti yule, kuona koo la bosi wake.

"Ifungue," alisema. "Sasa hivi. Hapa hapa, waone."

Fundi aliipokea simu kutoka kwa Mwalimu, akaipasha joto gundi yake ilainike, akapenyeza kipande chembamba cha plastiki, akazunguka ukingo taratibu. Mume wa Mwalimu, kwa kuwa ni mtu wa vifaa, alijisahau akasogea na kuinama.

"Kaka, unanizibia mwanga."

Kioo kikainuka. Fundi akashusha lenzi, akatulia, akachukua koleo dogo na kunyanyua kitu kisichozidi kichwa cha pini. Skrubu. Ilikuwa imelala chini ya kioo, kwenye kona ile ile, na ukiangalia kwenye safu ya matundu, moja lilikuwa tupu.

"Imetoka kwa uzito wa spana?" aliuliza afisa, na sauti yake ilikuwa na matumaini kidogo.

"Skrubu haing'oki kwa kukaliwa. Hii haikukazwa tangu huko kiwandani, ikatembea tembea mpaka ikaja kukisukuma kioo kwa chini. Na kabla yangu hakuna aliyefungua. Gundi ilikuwa ya kiwanda."

"Na friji?" Mwalimu hakuweza kujizuia.

"Maji hakuna. Ila mwambieni mama aache."

Mume akavimba. Aligeukia benchi zima, kifua mbele. "Mmesikia wenyewe! Watu wanasingizia viatu vya..."

"Kaa," alisema Mwalimu, na akakaa.

Kioo kipya kikaandikiwa oda. Ikabaki barua. Afisa alikaa kuiandika pale pale mapokezi, Mwalimu amesimama begani kwake. Akaanza: "Kumetokea makosa..."

"Yametokea wapi? Yamedondoka kutoka darini?"

Afisa akakata. "Makosa yamefanyika..."

"Na nani?"

Akakata tena. Akaitafuna kalamu kwa muda, akamtazama fundi, akamtazama binti wa mapokezi ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi sana. Mwishowe akaandika: "Tumekosea. Hatukufungua simu yako." Akasita. "Niendelee?"

"Imetosha," alisema Mwalimu kwa upole. "Hiyo hata sisahihishi."

Alikuwa anaikunja kuitia kwenye mkoba alipohisi mtu nyuma yake. Kinyozi mmoja, nywele za wateja bado mabegani, alikuwa ameinuka kutoka kwenye benchi na kumnyooshea karatasi. Mistari michache, mteja mpendwa, uchunguzi wa kina, uharibifu usioelezeka. Nyuma yake walikuwa wameinuka wengine watatu.

"Samahani, Mwalimu," alisema kinyozi. "Hebu na yangu."

Afisa alifumba macho. Mwalimu akaangalia saa ya ukutani. Ilibaki saa moja na nusu kabla ya kipindi, na shule haikuwa mbali.

"Mume wangu," alisema akivuta kile kiti cha plastiki, "wapange mstari."