Koti Lililozikwa Mgori

Tangu walipolizika lile koti, kisima cha Mgori kilianza kugonga. Kingegonga usiku, watu wangesema ni ndoto. Kiligonga mchana kweupe, jua likiwa utosini: ngo, ngo, ngo, ndani ya bomba, kama fundi anayegusa chuma kwa spana. Watu wakakikimbia. Wakarudi kuteka maji ya lambo, yale yale wanayonywa ng'ombe.

Aliyeumia zaidi ni Melkizedeki, msimamizi wa pampu. Mkwewe Elina alikataa kata kata kugusa kisima, na sasa mjukuu alikuwa ndani anaharisha kwa sababu ya maji ya lambo, macho yamezama.

Koti lilikuwa la Naimu Khuri, Mwarabu wa Marekani. Wazazi wake walihama Lebanoni wakaenda Michigan, naye akaja Mgori na mtambo wa kuchimba, wakati wengine wameshatoboa ardhi na kuondoka na vumbi. Alikaa mpaka maji yakatoka. Alipofia kwao, wazee walisema aliyekupa maji hawezi kukosa kaburi kwako. Koti lake la kazi lilikuwa limebaki kwa Melkizedeki.

"Ni Mwarabu," Melkizedeki aliwaambia, "azikwe Kiislamu." Waarabu aliowajua yeye ni wenye maduka pale Singida mjini, na wote huenda msikitini. Tena mwaka mmoja alimwona Naimu akikataa nyama siku nyingi mfululizo. Basi koti likavikwa sanda, likalazwa kaburini kando ya kisima, kuelekea Kibla, shehe akaomba dua.

Siku ya kuweka jiwe la shukrani, alikuja Nadia, binti wa Naimu, aliyewahi kuishi Mgori kidogo alipokuwa mtoto. Shingoni alikuwa na msalaba. Melkizedeki aliutazama mara mbili.

"Shikamoo, baba Melki."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako alikuwa akisali wapi?"

"Kanisani. Aliimba kwaya, tena vibaya sana. Kwani vipi?"

"Na kule kufunga nyama?"

"Kwaresima hiyo."

Bi Sikudhani, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, alichekea puani. "Melkizedeki, umesilimisha koti la watu. Ndiyo maana mwenyewe anapiga hodi."

Hakuna mwingine aliyecheka. Melkizedeki alieleza yote, kisha akachukua jembe. "Nitalifukua sasa hivi. Tutalizika upya, kwa msalaba."

"Acha, baba," Nadia alisema. "Kule Michigan, hata baada ya kuwachimbia visima kata nzima, walikuwa wanamuuliza ametoka wapi. Nyie mlimuuliza maji yatatoka lini. Mmemzika kama mnavyozika wenu. Kwa hilo hawezi kukasirika."

"Sasa anagonga nini?"

Kabla hajajibu, bomba likagonga. Watu walirudi nyuma wakikanyagana. Nadia alibaki, akaweka kiganja kwenye chuma.

"Ni yeye," alisema polepole. "Alikuwa akigonga hivi akiona mtu amesimama bure. Anataka pampu isukumwe."

Melkizedeki alitupa jembe. Alimkumbuka mtoto kule ndani, akashika mpini wa pampu na kusukuma. Maji yalikuja bila kukohoa, meupe, ya uvuguvugu, kama kitu kilichokuwa kimeshikwa mkononi. Akakinga kwa kiganja, akanywa mbele ya wote. Hakuanguka.

"Elina," aliita, "lete ndoo ya mwanao."

Mkwewe hakusogea. Bi Sikudhani ndiye aliyejitokeza, akatua ndoo yake chini ya mdomo wa bomba. "Alipokuwa hai hakunila. Nitekee."

Ndipo Elina akaja, macho yakiwa kwenye kaburi, na nyuma yake wengine. Melkizedeki alisukuma mpaka shati likalowa, na kila alipolegeza mkono, chini ya miguu yake kuligongwa, safari hii kwa haraka zaidi.

Akaacha kulegeza mkono.