Mkufu wa Kaharabu Usiokatika

Kitendawili: chozi la mti lililogeuka kito? Ni kaharabu. Nimezitunga miaka mingi: za rangi ya asali, nyekundu, hata nyeupe kama maziwa. Watu husema zinaponya koo. Binti yangu alipokohoa, nilimtungia mkufu kwa uzi wa kushonea viatu, fundo kila baada ya punje, nikajisifu kwamba hautakatika milele.

Adhuhuri moja mumewe alimfuata kwenye karakana yangu.

“Nimesema twende nyumbani!”

Akaukamata mkufu kwa nyuma, akauzungusha ngumini. Mwanangu akapiga magoti, macho yamemtoka, midomo imegeuka buluu.

“Mwachie, baba!” nikamlilia mkwe wangu.

“Si ulisema ni dawa ya koo, mama? Basi ngoja apone!”

Nikavuta uzi kwa meno. Wapi! Makaani kulikuwa na sindano yangu ya kupimia kaharabu, imeiva. Nikaishika mpini, nikaichomeka mkononi mwake mpaka ikatokea upande wa pili. Kaharabu halisi ikichomwa hunukia utomvu. Yeye alinuka nyama. Akapiga yowe, akaachia.

Mwanangu yu hai. Nami siku hizi natunga kwa uzi wa pamba, ukivutwa ukatike.